Hewa hukimbia inapobanwa

Kila mara naambiwa na mtu kwamba shida ya mgongo wa farasi wake imekwisha, kwa sababu ameagiza tandiko la hewa, yaani lenye mifuko ya hewa ndani ya mito yake, na hewa "hujisawazisha yenyewe". Wengine huongeza kwamba sasa tandiko hilohilo watalihamisha kutoka kwa farasi mmoja hadi mwingine bila kumwita fundi. Nimejibu kwa upole mpaka upole umeniishia. Leo naandika yote mahali pamoja, ili nikiulizwa tena nitume kiungo tu.

Mto wa tandiko, uwe wa sufu, wa hewa au wa sponji, kazi yake ni kujaza nafasi ndogo iliyobaki kati ya kiunzi, yaani umbo gumu la ndani la tandiko, na mgongo. Narudia: nafasi ndogo iliyobaki. Kiunzi kikiwa chembamba kuliko mabega ya farasi, hapo hakuna cha kujaza, kuna cha kubana. Upana wa kiunzi, mfereji wa katikati, kati ya mto wa kushoto na wa kulia, usiogusa uti wa mgongo popote, urefu usiopita ubavu wa mwisho, tandiko kukaa nyuma ya mfupa wa bega na si juu yake: hayo huamuliwa kabla hatujauliza ndani kumejazwa nini. Sitayaeleza tena, nimeshayasema mpaka koo limekauka.

Turudi kwenye kujisawazisha. Wanaolisema hawakulizua tu, maana lina kanuni ya kweli nyuma yake, ile ya mwanasayansi Blaise Pascal wa karne ya 17: mgandamizo ndani ya hewa iliyofungiwa huenea sawasawa pande zote. Ni kweli kabisa. Ila kanuni hiyo inahusu kilichomo ndani ya mfuko, na farasi yuko nje ya mfuko. Katikati kuna utando wa mfuko wenyewe, ngozi ya tandiko, na kitambaa cha jasho. Utando ukiwa umelegea, hujilaza kufuata umbo la mgongo, na hapo mgandamizo hukaribia kweli kulingana kote panapogusa. Ukijazwa upepo mpaka utando ukakaza, mfuko unaanza kutafuta umbo lake wenyewe, ambalo ni mviringo. Chini ya mto kunavimba, na kwa kuwa mgongo pale umekaribia kuwa bapa, kinachogusa ni ukanda mwembamba wa katikati tu. Kingo zote mbili zinabaki zikielea.

Fanya hesabu. Mpandaji wa kilo 72 na tandiko la kilo 8 ni kilo 80. Tuseme mito inagusa sentimita za mraba 1,000: wastani ni gramu 80 kwa kila sentimita ya mraba. Eneo likipungua nusu kwa sababu mito imevimba, wastani unapanda hadi gramu 160, na farasi bado amesimama tu. Akienda mwendo wa matiti, zile mbio ndogo za kudundadunda, nguvu inayoshuka mgongoni kwenye kilele cha kila hatua hukaribia mara mbili ya uzito huo. Katika mbio za wastani hukaribia mara mbili na nusu. Hewa haijaondoa hata gramu moja. Mzigo ni uleule, tunachobishania ni umetua wapi.

Ndiyo maana ninapoitiwa tandiko la hewa "lisilokaa vizuri", jambo la kwanza ninalofanya mara nyingi ni kutoa upepo. Mwenye farasi hunitazama kana kwamba namwibia. Amezoea matairi, na kwenye matairi kulegea ni ubovu. Kwenye mto wa tandiko, kulegea kiasi ndiyo kazi yenyewe.

Lakini linaloniudhi kuliko yote ni imani kwamba hewa huokoa kiunzi kibaya. Chukua mpira wa miguu uliopungua upepo, uweke sakafuni, uubonyeze kwa ncha ya kiwiko. Upepo unakwenda pembeni, mpira unavimba kando, na kiwiko chako kinafika sakafuni. Sasa kiwiko hicho ni ncha ya kiunzi chembamba, nyuma kidogo ya bega la farasi. Pale panapohitaji mto kuliko pengine popote ndipo hewa huondoka kwanza, ikakimbilia nyuma kwenye nafasi ambako hakuna mzigo. Kinachobaki juu ya msuli ni ngozi mbili na utando, kisha kiunzi kigumu. Kwa mkono unaweza kulihisi: mpandaji akiwa juu, pitisha kiganja chini ya mto, mgongo wa mkono ukiwa upande wa farasi, telezesha taratibu kutoka juu kwenda chini kando ya bega. Ukifika mahali ambapo vidole vinabanwa ghafla hadi unasikia mfupa dhidi ya kitu kigumu, mto umekwisha hapo. Kisha mwombe mtu amwongoze farasi hatua mbili tatu mkono ukiwa humohumo. Bega hurudi nyuma mguu wa mbele unapotangulia, na ukipiga yowe, basi farasi amekuwa akilipiga kila hatua kwa lugha yake: kukunja masikio akitandikwa, kung'ata hewa mshipi ukikazwa, kukataa kushuka mteremko.

Watengenezaji wanajua hewa hukimbia, ndiyo maana mifumo haifanani. Flair hutumia mifuko minne, miwili kila upande, mbele na nyuma, na kila mmoja una vali yake. CAIR ya matandiko ya Bates na Wintec imefungwa kiwandani, haijazwi wala haipunguzwi. Mtu akisema "tandiko la hewa" bila kusema ni lipi, hajasema kitu. La vali unalirekebisha, lililofungwa unalikubali lilivyo au unaweka vipande vya kuinua chini yake. Na hakuna mtengenezaji mwenye akili anayeunganisha hewa ya kushoto na ya kulia, kwa sababu mpandaji akiegemea kulia hewa yote ingehamia kushoto na tandiko lingepinduka pamoja naye.

Kwa wenye mifuko ya vali: usirekebishe tandiko likiwa juu ya kigoda. Farasi atandikwe, mpandaji apande, vikuku vya kukanyagia viwe vya urefu uleule. Ongeza kidogo zaidi ya unavyodhani, kisha toa polepole, mbele kwanza, mpaka kiti kisawazike. Subiri mpaka farasi apate joto ukague tena, kwa sababu mgongo uliofanya kazi hutanuka milimita chache. Ukilisafirisha tandiko kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,500, mgandamizo wa hewa ya nje unapungua kwa takriban sehemu moja ya sita, na mifuko itakuwa imetanuka utakapofungua gari. Joto nalo lina mchango wake, ingawa mdogo: kutoka nyuzi 15 hadi 35, hewa iliyofungiwa huongezeka kama asilimia 7 tu. Kwa hiyo ukilisikia gumu mchana, chunguza kwanza kama asubuhi hukulijaza kupita kiasi.

Sasa zamu ya upande wa pili, maana wapenzi wa sufu nao wana upofu wao. Husema sufu "hukua na farasi". Sufu haikui. Sufu hugandamana, na hugandamana palepale palipozidiwa. Nyuzi zake zina magamba madogo yanayoshikana kwa jasho, joto na kusuguliwa, na ukiviacha vitu hivyo vitatu vikutane kila siku unapata kitambaa kigumu ndani ya mto wako. Hilo ndilo bonge. Hulioni kwa nje. Pindua tandiko mapajani, tembeza vidole gumba viwili sambamba kutoka mbele kwenda nyuma, kimoja kila mto, ukibonyeza kwa nguvu sawa. Mto mzuri hurudi polepole kama umeuamsha usingizini. Palipo na bonge, kidole kinagota. Halafu kuna shimo jirani yake, kwa sababu sufu iliyohamia kwenye bonge ilitoka mahali.

Wengi wanaolaani sufu hawajawahi kupandia sufu, wamepandia mabonge ya miaka. Tandiko jipya hukaa chini ndani ya miezi michache ya kwanza na linahitaji kuongezwa. Baada ya hapo likaguliwe angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi kwa farasi anayefanya kazi kila siku. Na fundi anayetibu kila kitu kwa kushindilia sufu zaidi kupitia tundu lilelile kwa chuma kirefu anakuletea ugonjwa uleule wa upepo mwingi: mto wa mviringo, mguso mwembamba. Kuna wakati dawa ni kuitoa yote na kuanza upya. Ukiambiwa hivyo usidhani unaibiwa.

Faida ya sufu iliyo hai ni kwamba hubaki ilipowekwa. Farasi wengi bega moja ni nene kuliko jingine, na kwa sufu naweza kuweka kiasi tofauti kila upande, tena sentimita hii nene, ile nyembamba, na hilo la mwisho mfuko mzima wa hewa haulikubali. Tena hunyonya unyevu hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake bila kuonekana imelowa. Hasara ni kwamba hukumbuka. Mpandaji akikanyaga kikuku cha kulia kuliko cha kushoto, sufu ya kulia inalala, tandiko linainama, mpandaji anainama zaidi, na baada ya miezi kadhaa kila mtu anamlaumu farasi kwa kwenda kombo. Hewa haina kumbukumbu hiyo. Ila mfuko ukivuja upande mmoja, kinachochukua miezi kwa sufu kinaweza kutokea katika matembezi ya asubuhi moja.

Nikubali pia kwamba kuna mambo tunayasema kwa uhakika kuliko tunavyostahili. Alama za jasho, kwa mfano. Sehemu kavu chini ya tandiko inaweza kumaanisha pamebanwa hadi jasho likashindwa kutoka, au hapakuguswa kabisa. Mafundi wawili wataiona sehemu ileile na kuapa vinyume, nami nimo kwenye ubishi huo. Nywele nyeupe ni ushahidi mzuri zaidi, lakini zinasema jambo lililopita, pengine la tandiko lililouzwa zamani. Hata zulia za kupimia mgandamizo, zenye rangi zake za kuvutia, hupima nguvu inayoshuka wima na kuacha ule msuguano wa ngozi kuvutwa mbele na nyuma, ambao nashuku unaumiza farasi kuliko tunavyokiri. Na kuna farasi ambao vipimo vyote vinasema sufu, ukiwawekea hewa wanarefusha hatua na kushusha shingo. Wengine wa umbo lilelile huinua kichwa na kukunja mgongo kana kwamba kitu kinacheza juu yao. Nadhani ni ule mdundo wa hewa. Siwezi kukuthibitishia, kwa hiyo napenda kujaribu vyote viwili kabla mtu hajalipa.

Ukinibana nichague: farasi mchanga anayebadilika umbo kila msimu, au aliyetoka kwenye mapumziko ya ugonjwa na anajenga misuli upya, nampa hewa ya vali, mradi kuna mtu palepale anayejua kuirekebisha. Farasi aliyekomaa, mgongo umetulia, mpandaji anayetaka kukaa kimya kwenye kiti, sufu. Farasi mwenye mabega yaliyotofautiana sana, sufu pia. Anayetaka tandiko moja kwa farasi watatu, simpi chochote mpaka niwaone hao farasi watatu.

Na kwa walioniuliza kuhusu sponji: ikiwa nzuri hukaa sawa kwa miaka na haina usumbufu. Ikishabonyea haijazwi, badilisha mto.