Koma kati ya vivumishi vya Kiingereza: iwekwe lini, iachwe lini

Vivumishi viwili vikitangulia nomino moja katika Kiingereza, koma huwekwa pale tu kila kimoja kinapoieleza nomino kivyake. "A patient, honest teacher" ni mwalimu mvumilivu, tena mwaminifu. Sifa hizo zina uzito sawa. Katika "a big red bus" mambo ni tofauti: "red" imeshikamana na "bus" kwanza, kisha "big" inalieleza basi jekundu zima. Koma haina kazi hapo.

Ukitaka kuhakikisha, geuza nafasi za vivumishi, halafu jaribu kuchomeka "and" katikati. "An honest and patient teacher" inapita bila shida. "A red and big bus" inakwaruza sikio. Vipimo vyote viwili vikikubali, weka koma, vikigoma, iache.

"Red big" inagoma kwa sababu Kiingereza kina mpangilio wake: maoni, ukubwa, umri, umbo, rangi, asili, kisha malighafi. Wenye lugha huufuata bila hata kuufikiria. Ndiyo maana "three old wooden chairs" haina koma hata moja. Idadi, umri na mbao kila kimoja kina ngazi yake. Vivumishi vya maoni ndivyo vinavyodai koma mara nyingi, kwa kuwa vinaweza kurundikana kwenye ngazi moja: "a boring, tiring journey". Ila usiongeze koma nyingine kabla ya "journey". Kosa hilo ni la kawaida mno, hasa kwa anayedhani kila kivumishi lazima kifuatwe na koma.

"A dark blue shirt" nayo huwatega wengi. "Dark" inaeleza rangi ya buluu, si shati, kwa hiyo haitengwi.

Kuna mahali koma inageuza maana kabisa. "A pretty, tall house" ni nyumba nzuri na ndefu. "A pretty tall house" ni nyumba ndefu kiasi, uzuri wake haujatajwa popote. Vivyo hivyo, "she bought another, cheaper phone" inaonyesha kwamba simu ya awali ilikuwa ghali zaidi. Ondoa koma, na msomaji ataelewa kwamba hata ile ya awali ilikuwa ya bei nafuu. Kwenye sentensi za namna hii vile vipimo viwili havitoshi. Amua kwanza unataka kusema nini.