Misimu inavyogeuza masikio yetu

Kila mwaka kuna wiki ambazo wimbo uliokuwa ukiombwa kutwa kucha unaacha kuombwa ghafla, wala si kwamba watu wameuchoka. Kazi yangu ni kupanga muziki wa redio. Nilianzia Mwanza, sasa niko Dar es Salaam, na hakuna jambo linalonivutia katika kazi hii kama namna wasikilizaji wasiojuana wanavyogeuka kwa pamoja.

Maelezo yanayotajwa sana kuhusu misimu na muziki yametoka nchi za baridi, nayo yanahusu mwanga. Mwaka 2019 watafiti walichapisha uchambuzi wa nyimbo zilizosikilizwa Spotify mara milioni 765 na watu wapatao milioni 1 katika nchi 51. Siku zinaporefuka, watu huelekea muziki wenye nguvu zaidi; zinapofupika, hutulia. Kwa mkazi wa Helsinki hilo linaeleweka kabisa. Mwezi Desemba mchana wake haufiki hata saa 6, na Juni unakaribia saa 19. Mwili wa binadamu hauwezi kupita katika tofauti hiyo ukabaki ulivyo.

Lakini Mwanza, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki nusu saa. Dar es Salaam haifiki saa nzima. Kama mwanga ungekuwa ndiyo sababu kuu, sisi tungesikiliza mambo yaleyale Januari mpaka Desemba. Hatufanyi hivyo. Kwetu, kwa ninavyoona mimi, msimu huingia sikioni kupitia kazi, fedha na mwezi mwandamo.

Usukumani, nchi ya Wasukuma kuzunguka Mwanza, jambo hili liko wazi kuliko popote ninapopajua. Mvua zikianza, jembe linatawala. Vikundi vya kulima huingia shambani na ngoma yao, kiongozi anaimba, wenzake wanaitikia, majembe yanapanda na kushuka kwa mapigo hayo. Wimbo wa shambani unapimwa kwanza kwa jambo moja: je, unambeba mtu aliyechoka mpaka mwisho wa tuta? Mapigo yakiyumba, jembe nalo linayumba, na hapo hata sauti nzuri namna gani haisaidii.

Mazao yakishaingia ghalani, mtu yuleyule anataka kitu kingine kabisa. Kuanzia Juni kiangazi kinafungua mashindano ya ngoma kati ya Bagika na Bagalu, pande mbili ambazo asili yake hurejeshwa kwa waasisi wawili, Ngika na Gumha. Makundi mawili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na linalovuta watu wengi ndilo limeshinda. Fikiria hilo linafanya nini kwa utunzi. Hadhira ina miguu na inaweza kuhamia upande wa pili muda wowote, kwa hiyo manju, yaani kiongozi na mtunzi wa ngoma, anahitaji wimbo mpya, fumbo jipya, kijembe kwa mpinzani, mavazi, na wengine hadi nyoka. Tamasha la ngoma la Bulabo pale Bujora, Kisesa, ambako Padre David Clement alianzisha makumbusho ya Wasukuma, huangukia majira hayohayo kwa sababu linafuata sikukuu ya Ekaristi. Na fedha ipo: ununuzi wa pamba huanza kama Mei, harusi zinafuata. Nilipokuwa redio ya huko, maombi ya nyimbo yalifuata mzani wa pamba. Mwaka wa mavuno mabaya, nyimbo za sherehe zilipungua hata anga likiwa jeupe.

Sikatai kwamba hali ya hewa ina mkono wake. Ngozi ya ngoma hulegea wakati wa masika, ukiigonga inatoa sauti nzito isiyofika mbali, ndiyo maana wapigaji huipasha moto. Mvua juu ya bati nayo humeza udi, humeza zeze, humeza sauti ya chini ya mwimbaji, na msikilizaji anabaki na besi na kibwagizo. Mchana wa mvua kubwa sipangi nyimbo laini, kwa kuwa hazisikiki.

Ila ukitaka kuvitenganisha, yaani ujue kama ni mvua au ni kalenda, tuna kipimo kizuri sana: Ramadhani. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, hivyo Ramadhani husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka 2015 na 2016 ilikuwa Juni na Julai, wakati wa kipupwe, upepo wa kusi ukivuma. Mwaka 2025 na 2026 imeangukia Februari na Machi, wakati wa joto kali na masika yakinyemelea. Hali ya hewa tofauti kabisa, na bado pwani ilifanya yaleyale: rusha roho, taarabu ya kisasa ya kuchezeka, ikanyamaza, singeli ikapungua, kaswida zikajaa tangu alasiri mpaka daku. Kabla yake, Shaaban, harusi zilifuatana na taarabu ikapigwa kama vile watu wanaiaga. Idd Mosi, bendi zikarudi jukwaani na nyimbo mpya. Kama ingekuwa ni mvua, kaswida zingebaki na mvua. Zilihama na mwezi.

Ndiyo maana mezani kwangu kuna kalenda ya Hijria karibu na ya kawaida, na nimekwisha kuizungushia kalamu 2030. Mwaka huo utakuwa na Ramadhani mbili, ya kwanza mapema Januari na ya pili ikianza, kwa hesabu za mwezi, siku moja hivi baada ya Krismasi. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam redio moja inasikilizwa na Wakristo na Waislamu. Kwaya za Noeli na kaswida zitataka saa zilezile za hewani, na nimeanza kuwauliza watangazaji wenzangu tutazipangaje.