Msongamano wa matiti, homoni na saratani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwanamke anapokea majibu ya mamogramu, yaani picha ya eksirei ya matiti, anasoma kwamba matiti yake yana msongamano mkubwa wa tishu, na kabla hajarudi kwa daktari ameshawauliza marafiki. Maelezo hayakawii: ana homoni nyingi, ana dalili za mwanzo za saratani, atumie kitu cha kusafisha ini. Baadhi ya maelezo hayo hayana msingi kabisa. Mengine yana chembe ya ukweli iliyopindishwa, na hayo ndiyo yanayonikera zaidi, maana ndiyo yanayoaminika.

“Nikijipapasa matiti yangu ni laini, kwa hiyo sina msongamano.”

Msongamano haupapaswi, huonekana kwenye picha tu. Titi lina tezi za maziwa na mifereji yake, lina nyuzi zinazolishikilia, na lina mafuta. Kwenye eksirei mafuta hutokea ya kijivu kuelekea weusi, ilhali tezi na nyuzi hutokea nyeupe. Mtaalamu wa picha hutazama weupe umechukua sehemu gani ya titi, kisha huliweka kwenye kundi moja kati ya manne: kuanzia A, ambalo karibu lote ni mafuta, hadi D, ambalo karibu lote ni jeupe. Titi kubwa au dogo, gumu au laini, hakuna anayeweza kulipanga kwa mkono.

“Kuwa na msongamano ni kuwa na ugonjwa.”

Hapana. Karibu nusu ya wanawake waliovuka miaka 40 wanaopigwa mamogramu huangukia kundi C au D, na D peke yake ni kama mmoja katika kila kumi. Ni umbile la kawaida. Lakini nawaomba wanaotulia mno kwa kusikia hivyo wasubiri kidogo, kwa sababu msongamano una mambo mawili.

La kwanza ni kuficha. Uvimbe wa saratani nao hutokea mweupe. Kwenye titi la mafuta, uvimbe wa sentimita moja husimama peke yake kwenye giza, na kingo zake zilizochongoka huonekana. Uhamishie uvimbe huohuo kwenye titi la kundi D: weupe juu ya weupe, kingo zimemezwa, na hata jicho lililozoea linaweza kupita juu yake. Ndiyo maana mamogramu hukosa saratani nyingi zaidi kwenye matiti ya aina hii.

La pili ni hatari yenyewe. Mwaka 1976 daktari wa picha wa Detroit, John Wolfe, alieleza kwamba mpangilio wa tishu kwenye mamogramu unaendana na uwezekano wa kupata saratani baadaye. Waliompinga walidai kinachoonekana ni ule uvimbe uliofichwa tu, unaojitokeza baada ya muda. Utafiti uliofuata, ulioangalia wanawake kwa miaka mingi baada ya picha ya kwanza, ulionyesha kwamba hatari inaendelea kuwepo. Mwenye D ana hatari ya mara 4 hadi 6 ya mwenye A. Namba hiyo hutisha, na hunukuliwa vibaya: wenye A nao ni wachache. Ukimlinganisha mwenye D na mwanamke wa wastani, tofauti inashuka hadi kama mara 2.

“Msongamano mkubwa ni ishara ya estrojeni nyingi.”

Hapa ndipo wengi wanapopotea, hata waliosoma. Ni kweli kwamba baada ya hedhi kukoma, wanawake wenye estrojeni, homoni kuu ya kike, nyingi zaidi kwenye damu hupata saratani ya matiti kama mara 2 ya wale wenye kidogo zaidi. Ni kweli pia kwamba msongamano huongeza hatari. Kichwa hutaka kuyaunganisha: basi homoni ndiyo iliyojaza titi. Lakini watafiti walipopima vyote viwili kwa wanawake walewale, kila kimoja kilibeba hatari yake. Kujua kimoja hakukupi kingine.

Tazama mwanamke mnene ambaye hedhi imekoma. Ovari zake zimepumzika, lakini kwenye mafuta ya mwili wake kuna kimeng'enya kiitwacho aromatasi, kinachogeuza homoni nyingine kuwa estrojeni. Kadiri mafuta yanavyozidi, ndivyo estrojeni inavyozidi, na hatari yake inapanda. Matiti yake kwenye picha? Mara nyingi ni kundi A au B. Akiambiwa “una matiti ya mafuta, huna wasiwasi”, amepotoshwa.

Hii haina maana kwamba homoni haziligusi titi. Tiba ya dalili za kukoma hedhi inayochanganya estrojeni na projestini (homoni ya kutengenezwa inayofanana na projesteroni ya mwili) huongeza msongamano kwa baadhi ya wanawake. Tamoksifeni, dawa inayoizuia estrojeni kwenye titi, huupunguza, na katika IBIS-I, jaribio la kutumia dawa hiyo kuzuia saratani, wanawake ambao msongamano wao ulishuka kwa angalau asilimia 10 ndio walionufaika zaidi na dawa hiyo. Ila sehemu kubwa ya tofauti kati ya mwanamke na mwanamke ni ya kurithi, kama utafiti wa mapacha ulivyoonyesha. Umri na uzazi huupunguza msongamano kidogo kidogo.

“Safisha ini ili estrojeni mbaya itoke.”

Chembe ya ukweli ni hii: ini ndilo linalovunja sehemu kubwa ya estrojeni, na huivunja kwa njia zaidi ya moja. Zao moja huitwa 2-haidroksi, jingine 4-haidroksi, jingine 16-alfa-haidroksi. Katika maabara, zao la 4 linaweza kugeuka kemikali inayong'ang'ania DNA na kuiharibu, ingawa mwili una kimeng'enya kiitwacho COMT cha kulizima kabla halijafika huko. Kutokana na hayo likazuka wazo kwamba uwiano wa zao la 2 kwa lile la 16 ungetabiri saratani. Vipimo vya mkojo vikauzwa, na vidonge vya kurekebisha uwiano navyo vikauzwa. Uchunguzi mkubwa ulipofanywa, uwiano huo haukutabiri hatari kwa namna ya kutegemewa, na hakuna kidonge cha aina hiyo kilichothibitishwa kumkinga mwanamke na saratani ya matiti. Naumia kuona mtu aliyeogopeshwa na majibu yake akitozwa pesa kwa ahadi hiyo.

Kinachojulikana kwa uhakika hakiuzwi kwenye chupa ya virutubisho. Pombe huongeza estrojeni kwenye damu, na kila gramu 10 za alkoholi kwa siku hupandisha hatari kwa takriban asilimia 7 hadi 10.

“Dawa za homoni zote ni sawa.”

Mwaka 2002 sehemu ya utafiti mkubwa wa Marekani uitwao WHI ilisitishwa baada ya tiba ya estrojeni pamoja na projestini kuonekana kuongeza saratani ya matiti: visa 8 zaidi kwa mwaka katika kila wanawake 10,000. Waliopewa estrojeni peke yake, wote wakiwa wameshaondolewa mfuko wa uzazi, hawakupata ongezeko hilo. Vidonge vya uzazi wa mpango huongeza hatari kidogo wakati wa kuvitumia, kisha hatari hiyo hupungua miaka kadhaa baada ya kuacha. Sidiria na vyakula vya soya havisababishi saratani ya matiti.

“Mamogramu hainioni, bora niache.”

Usiache. Chembe ndogo za kalisi, ambazo mara nyingine ndizo dalili pekee ya saratani changa, huonekana vizuri zaidi kwenye mamogramu kuliko kwenye ultrasaundi. Swali la kumpelekea daktari ni kama unahitaji kipimo cha ziada, na jibu hutegemea pia umri na historia ya familia. Uholanzi waliwaalika wenye msongamano wa juu kabisa, ambao mamogramu yao ilikuwa safi, wapigwe na MRI, picha inayotumia sumaku. Matokeo yaliyotolewa 2019 yalionyesha saratani zinazojitokeza kati ya kipimo kimoja na kinachofuata zikishuka kutoka 5 hadi 2.5 kwa kila wanawake 1,000. Upande wa pili, wapo waliotolewa kipande kidogo cha tishu kwa uchunguzi wakakutwa hawana saratani. Nchini Marekani, tangu Septemba 2024, kila kituo cha mamogramu kinalazimika kumwambia mwanamke kama matiti yake yana msongamano. Kwingine usingoje kuambiwa, uliza herufi yako.

Na ukihisi uvimbe mpya, ngozi ikibonyea, chuchu ikiingia ndani au ikitoa damu, nenda ukapimwe wiki hiyohiyo, hata kama mamogramu ya mwezi uliopita ilisomeka safi.