Kangaga la mikokoni: geuza jani, angalia vijani vya juu

Ukiingia mikokoni kutoka upande wa nchi kavu, kinachokuziba njia mara nyingi si mkoko wala mchu. Ni vichaka vya majani marefu kuliko mtu, yamesimama kama mafungu ya makuti: kangaga la mikokoni, kwa jina la kisayansi Acrostichum aureum. Hustawi pale maji ya chumvi yanapokutana na maji baridi, hasa penye jua.

Kwa mbali hudhaniwa mkindu mchanga. Shika kijani kimoja kati ya vile vilivyopangana pande mbili za uti. Cha mkindu kimejikunja kama mfereji na ncha yake inachoma. Cha kangaga ni bapa, kinene kama ngozi, na ncha yake ni butu. Kielekeze juani: mishipa imesukana kama wavu wenye macho madogo. Mkindu hauna wavu huo, mishipa yake imenyooka sambamba.

Alama kubwa zaidi iko chini ya jani. Kwenye jani lililokomaa, vijani vya juu tu ndivyo huzaa spora (chembe za uzazi, ndogo kama vumbi), na upande wao wa chini hufunikwa wote na tabaka la rangi ya kutu, ukipapasa ni kama mahameli. Wengi huliona wakadhani mmea umeugua. Makangaga mengine ya pwani, kama Nephrolepis biserrata, huwa na vidoa vya mviringo vilivyotengana.

Kosa la kawaida ni kukagua jani changa, au vijani vya chini, kisha kusema spora hazipo. Jani changa huwa na wekundu na halizai. Hapo shuka kwenye kikonyo, karibu na shina: tafuta vijimiba vyeusi vifupi, ambavyo ni mabaki ya vijani vilivyodumaa. Vaa glavu, tope la hapo huficha mengi.

Kulitambua kuna faida shambani pia. Mikoko ikikatwa, kangaga hutanda upesi na kivuli chake huzuia miche kuota. Katika delta ya Rufiji huota kwenye mashamba ya mpunga yaliyoachwa. Anayetaka kupanda mikoko hapo alifyeke kwanza na kung'oa mashina yake, kwa kuwa likikatwa majani tu huchipua tena.