Raundi ya kwanza Asia: mnyonge humalizia nyumbani

Pakistan ilianza kucheza mechi za kufuzu Kombe la Dunia mwanzoni mwa 1989. Ushindi wake wa kwanza ulipatikana Islamabad tarehe 17 Oktoba 2023, kwa bao la kipindi cha pili la Harun Hamid dhidi ya Kambodia. Miaka 34 na ushei ya vipigo na sare, kisha bao moja.

Kazi yangu ni kuchambua mechi, na mzunguko wa kufuzu ukianza mimi huanza kuangalia huku mkiani. Japan dhidi ya Australia haikosi wachambuzi. Nepal dhidi ya Laos je? Hapo ndipo utaona timu mbili zinazoogopana kwelikweli, kila moja ikijua mwenzake anafungika, na yenyewe pia inafungika.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Kwa Kombe la Dunia la 2026, timu 26 bora za Asia ziliruka raundi ya kwanza. Zilizoshika nafasi ya 27 hadi 46 zikapangwa jozi kumi, mikondo miwili, tarehe 12 na 17 Oktoba 2023. Anayepita anaingia kwenye kundi la timu nne, ambako amehakikishiwa mechi sita zinazohesabika pia kwa kufuzu Kombe la Asia. Anayetolewa safari yake ya Kombe la Dunia imeisha ndani ya siku tano, karibu miaka mitatu kabla fainali hazijaanza.

Kwa hiyo msidanganyike na jina. Hakuna kocha wa Sri Lanka au Guam anayelala akiota fainali. Kinachogombewa ni hizo mechi sita: wapinzani wa maana, viingilio vya mlangoni, na sababu ya kumshawishi kijana anayecheza Ulaya aje kuvaa jezi ya nchi ya wazazi wake. Timu ya daraja hili ikikosa hizo inabaki kuomba mechi za kirafiki, na wakubwa hawana haja nazo.

Sasa kuna jambo ambalo watangazaji wengi walilipita. Mwaka 2023, timu kumi zilizokuwa juu kwa viwango zote zilianzia nyumbani na kumalizia ugenini. Nyumbani kwa karatasi, niseme, maana Afghanistan ilipokea wageni wake Dushanbe, Tajikistan, na Yemen ilichezea Saudi Arabia. Lakini mpangilio ulikuwa huo: mnyonge anasafiri kwanza, halafu anamalizia kwake.

Hilo linabadilisha hesabu yote. Mnyonge haendi kushinda mkondo wa kwanza. Anaenda kuzuia usiharibike. Mabeki watano nyuma, viungo wawili mbele yao wasiovuka mstari wa kati, mshambuliaji mmoja anayekimbilia mipira mirefu hadi miguu inakufa ganzi. Pakistan ilitoka 0-0 na Kambodia kule Phnom Penh, kisha ikashinda 1-0 kwake. Bangladesh ilitoka 1-1 Malé, kisha ikaifunga Maldives 2-1 Dhaka. Katika jozi zote kumi hizo ndizo timu mbili pekee za chini zilizowatoa wakubwa wao, na zote zilifuata njia ileile. Bhutan ndiyo inayoonyesha upande wa pili. Iliifunga Hong Kong 2-0 kwake, matokeo ambayo siku nyingine yangekuwa sherehe, ila ilikuwa imeshachapwa 4-0 ugenini. Iliharibu kule mwanzo, huku hakukuwa tena na la kufanya.

Watu husema soka la chini ni mabao ya bure. Kwa baadhi ndiyo: Indonesia iliipiga Brunei 6-0 mara mbili. Lakini jozi sita kati ya kumi ziliamuliwa kwa tofauti ya bao moja au mawili kwa jumla. Ukiwa kocha na unajua hivyo, mazoezi yako ya wiki nzima ni kona na mipira ya adhabu.

Bhutan hiyohiyo ilishaonyesha namna ya kuifanya Machi 2015. Ilikuwa ya mwisho kabisa duniani kwenye viwango vya FIFA na haijawahi kushiriki kufuzu Kombe la Dunia. Tshering Dorji alifunga Colombo, 1-0 dhidi ya Sri Lanka. Marudiano yakachezwa Thimphu, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na Chencho Gyeltshen akafunga yote mawili katika ushindi wa 2-1. Kilichofuata kwenye makundi kilikuwa kichungu: miezi sita baadaye Qatar iliwapiga 15-0. Ndiyo bei ya kupita.

Kocha aliyeipa Pakistan ushindi ule dhidi ya Kambodia si mgeni kwetu. Stephen Constantine, Mwingereza, alikuwa kocha wa Amavubi ya Rwanda mwaka 2014 kabla ya kuondoka Januari 2015 kwenda India, na kazi yake ya kwanza huko ilikuwa raundi hii hii, dhidi ya Nepal aliyowahi kuifundisha. India ilishinda 2-0 Guwahati, yote ya Sunil Chhetri, kisha ikatoka suluhu Kathmandu. Kwa Pakistan alipewa wiki chache tu. Mimi simwoni kama mwanafalsafa wa soka, timu zake hazipendezi kutazama, lakini kwa dakika 180 za aina hii sijui wangapi wanamzidi.

Wakati mwingine mechi huamuliwa mezani. Juni 2019 Macau iliifunga Sri Lanka 1-0 katika mkondo wa kwanza, kisha chama chake kikakataa kuipeleka timu Colombo kwa hofu ya usalama baada ya mashambulizi ya Pasaka. Sri Lanka ikapewa ushindi wa 3-0, na wachezaji wa Macau, waliokuwa wanaongoza, wakabaki kulalamika hadharani.

Indonesia ndiyo pekee iliyotoka raundi hii 2023 na kufika raundi ya tatu. Ikaifunga Saudi Arabia 2-0 Jakarta Novemba 2024, ikasonga hadi raundi ya nne, ikakwama Oktoba 2025 mbele ya Saudi Arabia na Iraq. Iliingiza wachezaji wengi waliozaliwa Uholanzi, jambo ambalo Bhutan haina pa kulipata.

Afrika ilikuwa na mchujo kama huu kwa Kombe la Dunia la 2022. Tanzania iliitoa Burundi kwa penalti Septemba 2019 baada ya sare mbili za 1-1. Kwa 2026 CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliufuta na kuwaweka wote kwenye makundi. Wapo wanaotaka Asia ifanye vivyo hivyo. Mimi siungi mkono: mechi kumi za kuchapwa hazimfundishi mnyonge kitu kama mbili anazoweza kushinda. Pakistan yenyewe ilipoteza mechi zake zote sita za makundi, mabao 26 kwa moja. Lakini Juni 2024 Saudi Arabia, iliyoifunga Argentina huko Qatar, ililazimika kupanda ndege hadi Islamabad.