Kwa nini samaki humkwepa koa huyu mwekundu wa baharini?

Mwili wake ni laini kama ulimi. Hana gamba wala miiba, na mwendo wake ni wa kutambaa taratibu. Tena ni mkubwa: wengi hufika sentimita 20 au 30, na baadhi huzidi 40. Kwa samaki mwenye njaa, hiki ni kitoweo cha bure. Mbona basi humwacha apite?

Koa huyu wa baharini, Hexabranchus sanguineus, huishi kwenye miamba ya matumbawe kuanzia Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hadi Hawaii. Siri yake imo katika chakula anachokula: sifongo, mnyama sahili wa baharini. Sifongo hukaa palepale aliponata, hawezi kukimbia, kwa hiyo hujihami kwa sumu. Koa humla na sumu yake. Haimdhuru, wala haitupi. Huibadilisha kidogo, kisha huiweka akiba kwenye ngozi ya mgongoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 1988 ulionyesha kuwa kemikali hizo huwafanya samaki wakatae chakula kilichotiwa kemikali hizo.

Kinachonivutia zaidi ni mayai. Koa hutaga utepe wa rangi ya waridi uliojikunja kama ua, akauacha wazi mwambani na kwenda zake. Haulindi, lakini ameshautia sumu ileile aliyoivuna kwa sifongo. Ni urithi wa ajabu kweli!

Na ule wekundu? Mchana, akipumzika, hukunja kingo za mwili wake, na rangi kali hufichika. Akisumbuliwa huzikunjua ghafla, akainuka na kuogelea kwa kupunga mwili mzima juu na chini, kingo zikipepea kama sketi. Ndipo alipopata jina la mcheza densi wa Kihispania. Maji humeza mwanga mwekundu mapema sana, hivyo vilindini wekundu huonekana kama weusi. Kwa maoni yangu, mpepeo huo wa ghafla una kazi kubwa kuliko rangi yenyewe.

Hata hivyo kinga yake ina mianya. Koa wadogo wa jenasi ya Favorinus huyala mayai yale bila wasiwasi. Na juu ya mwili wake, mara nyingi kando ya matamvua yake ya kupumulia, huishi kamba mdogo mwenye rangi kama yake, akisafiri naye usiku kucha mahali ambapo samaki hawathubutu kuuma.