Je, wajua kwa nini muokota makopo anabeba chupa ya maji afu anaiacha pakiti ya sabuni?

Kama unakaa Dar ushamuona tu. Ana gunia begani kubwa kuliko yeye, anapita jalalani asubuhi kabla gari la taka halijafika, anachambua. Chupa ya maji anabeba, dumu lililopasuka anabeba, ndoo iliyovunjika ndo kabisaa anaifurahia. Afu kuna vitu anavisukuma pembeni kwa mguu wala havitazami mara mbili: pakiti za sabuni ya unga, za biskuti, za kahawa, nailoni ya chipsi iliyolowa mafuta, mirija, vijiko vya plastiki. Mi zamani nilijua anaviacha kwa vile ni vidogo. Kumbe udogo ni nusu tu ya habari.

Nusu hiyo iko hivi, yeye anauza kwa kilo. Chupa tupu ya maji ya nusu lita ina kama gramu 10 mpaka 20, yaani kilo moja ni chupa 50 hadi 100. Sasa kapakiti ka sabuni kana gramu chache tu, hesabu mwenyewe atainama mara ngapi mpaka kilo itimie na mgongo huohuo mmoja.

Nusu ya pili ndo tamu. Plastiki sio kitu kimoja, ni ukoo mzima na hawaelewani. Geuza chupa yoyote uangalie kitakoni, kuna kipembetatu cha mishale na namba kati ya 1 na 7. Wengi tunaisoma kama "hii inarejelezwa", lakini namba zile zilianzishwa Marekani mwaka 1988 kuonyesha aina ya plastiki tu, basi. 1 ni PET ya chupa za maji na soda, 2 ni ile ngumu ya madumu, 3 ni PVC ya mabomba, 5 ni ya vifuniko na viti, 6 ni vile vyombo vyeupe vya povu vya kubebea chakula, na 7 ni "mengineyo", kapu la kila kilichokosa kwao. Na kila mmoja ana joto lake la kuyeyuka: ile ya madumu inalainika kwenye nyuzi 130 hivi, PET inataka kama 250, na ukiingiza kipande cha PVC kwenye tanuru la PET kinakuwa kimeshaungua zamani na kutoa asidi inayoharibu mzigo wote.

Ukitaka kuona ugomvi wao nyumbani kwako, kata kipande cha chupa ya maji, chukua na kifuniko chake, tumbukiza vyote kwenye ndoo ya maji. Kifuniko kinaelea, kipande cha chupa kinazama. Viwandani wanatumia ujanja huohuo kuvitenganisha.

Sasa rudi kwenye pakiti. Ile sio plastiki moja, mara nyingi ni tabaka mbili tatu zimegandishwa pamoja, nje plastiki ya kuchapia maandishi, katikati aluminiamu nyembamba ya kuzuia unyevu, ndani plastiki nyingine ya kuzibia kwa moto. Huwezi kuitumbukiza majini tabaka zikaachana, na kuibandua kwa dawa ni gharama kuliko kutengeneza mpya. Muokota makopo hajasomea kemia ila soko lilishamfundisha, hakuna wa kuinunua.

Na hata chupa aliyobeba usidhani lazima inazaliwa upya kuwa chupa. Inaweza, ikiwa safi na kiwanda kina mitambo yake, lakini nyingi zinaishia nyuzi za poliesta, kamba, pamba za kujazia mito, na mto ukichakaa safari imeishia hapo. Utafiti wa Roland Geyer na wenzake uliotoka 2017 ulipiga hesabu ya plastiki yote iliyotengenezwa duniani mpaka 2015, tani bilioni 8.3. Kati ya iliyokuwa imegeuka taka, asilimia 9 tu ndo ilirejelezwa, 12 ilichomwa, 79 iko majalalani na mazingirani. Na katika hiyo 9, iliyorejelezwa zaidi ya mara moja ni sehemu moja kwa kumi.

Ndo maana kilichobadilisha mitaa yetu sio kuokota. Mwaka 2017 Machi serikali ilipiga stop viroba, zile pombe kali za vipakiti, sababu kubwa ilikuwa ulevi wa vijana, lakini mitaro nayo ikapumua kwa sababu kipakiti kisichotengenezwa hakiokotwi. Juni 1, 2019 ikawa zamu ya rambo, mifuko ya plastiki ya kubebea, huku bara, Zanzibar walishatangulia, Rwanda 2008, Kenya Agosti 2017. Ila hapa tujicheke kidogo: ule mfuko mbadala unaofanana na kitambaa nao ni plastiki, polipropilini, ile namba 5, choma kona uone unavyoyeyuka. Una faida kama unaenda nao sokoni uleule mpaka ukatike, sio kila siku mpya afu nyumbani una mlima wa mifuko chini ya sinki (mi ninao, sitanii).

Simlaumu anayenunua kipakiti kidogo, mfuko wa suruali ndo unaamua. Lakini Mangi wa dukani anapima mafuta kwenye chupa yako mwenyewe tangu enzi, unga anapima, soda ya kioo chupa inarudi kwenye kreti inaoshwa inajazwa tena, dafu lina chombo chake na mrija sio lazima. Mambo ya kizamani haya.

Nyumbani tulijaribu wiki moja kutenga taka mafungu mawili, atakachobeba muokota makopo na atakachoacha. Chupa zilikuwa sita. Fungu la pili lilijaza ndoo, na nusu yake ilikuwa nailoni za chipsi na vijiko ambavyo hatukuomba hata kimoja. Siku hizi naenda na hotpoti, muuza chipsi siku ya kwanza alinitazama kama nimekuja na jeneza, sasa hivi ananiona kwa mbali anauliza, "ya hotpoti leo kavu au mayai?"